Hakuna Aliyempigia Kura Atoke

Shangazi yangu ana swali moja ambalo hulitoa kila mwimbaji anapotolewa kwenye mashindano ya runinga, na hulitoa kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Nani kampigia kura huyu atoke?" Nimelisikia tangu enzi za Tusker Project Fame, sebuleni kwake Majengo, na nalisikia hadi leo tukitazama American Idol kwenye simu ya mpwa wangu. Jibu lake ni fupi, nalo ndilo ufunguo wa mengine yote. Hakuna. Katika mashindano haya huwezi kumpigia mtu kura atoke. Unaweza tu kumpigia mtu abaki, na yule ambaye kura zake za kubaki ni chache kuliko za wenzake ndiye anayefungasha virago.

Ukilisikia haraka utadhani ni jambo moja lenye majina mawili. Silo, na nitalieleza kwa kete za bao.

Usiku wa Idi ndogo tulikuwa uani kwa mama, Kisauni, na watoto wanne wa ukoo wakaingia kushindana kuimba. Wa kwanza ni kitinda mimba wa dada yangu, miaka 6, meno mawili ya mbele hana. Alisahau ubeti mzima akaumalizia kwa kicheko. Wa pili ni kijana wa miaka 15 anayejipigia kinanda, na alikuja na marafiki zake. Wa tatu msichana aliyesoma kasida kwa utulivu. Wa nne ni binti wa kaka yangu, miaka 13, aliyeimba wimbo wa taarabu wa zamani bila ala yoyote. Kwa masikio yangu yeye ndiye aliyeimba hasa. Pumzi alizivuta mahali pake, na pale juu, ambapo wengi hukaba sauti, yeye aliiachia.

Wapiga kura tulikuwa 12. Mama akagawa kete, mtu na kete yake. Tukatundika leso kwenye kamba ya kuanikia nguo, nyuma yake tukapanga vikombe vinne vya kahawa, kila kikombe na mtoto wake. Mtu anaingia, anatumbukiza, anatoka. Tulipohesabu, mtoto wa miaka 6 alikuwa na kete 5, kijana wa kinanda 4, msichana wa kasida 2, na binti wa kaka yangu kete 1. Akatolewa.

Shangazi akalipuka na swali lake. Nikaona leo litajibiwa. Nikamuuliza kila mmoja mbele ya wote: ukimwacha uliyempa kete yako, wa pili kwako ni nani? Kati ya watu 11 waliowapa wengine, 9 walimtaja binti wa kaka yangu. Shangazi mwenyewe alikuwa mmoja wa hao. Kete yake ilikuwa kwa mwenye mapengo. "Mimi nilijua yeye hana wasiwasi," akasema, "nikamtilia yule mdogo asije akalia."

Mtu anayeshika nafasi ya pili mioyoni mwa karibu wote ndiye aliyemaliza wa mwisho. Kura ya kete moja husikia jambo moja tu: nani wa kwanza kwako. Wa pili hata umpende vipi hana pa kuandikwa, na mbele ya hesabu yeye ni sawa na yule usiyetaka hata kumsikia. Mpe kila mtu kete mbili, kwa sharti asizitie kikombe kimoja, na matokeo ya usiku ule yanapinduka: binti wa kaka yangu anapata 10, mtoto wa miaka 6 anapata 5, kijana wa kinanda 5, msichana wa kasida 4. Hakuna aliyebadili ladha yake. Waimbaji ni wale wale, nyimbo ni zile zile, na wa mwisho amekuwa wa kwanza.

Linganisha na mashindano ambayo kura yake ni ya kumtoa mtu. Big Brother ya Uingereza ilipoanza mwaka 2000, mtazamaji alipiga simu kumfukuza mkaaji wa nyumba. Huko anayetoka ni yule anayekera wengi, hata kama ana wapenzi wake wa kufa na kupona. Mtulivu asiyemuudhi mtu hupenya. Kwenye uimbaji mambo hugeuka. Anayekera nusu ya nchi hubaki, maadamu ile nusu nyingine inampenda vya kutosha, na hao wanaokereka hawana chombo chochote cha kumpunguzia hata kura moja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2007 kwa Sanjaya Malakar katika American Idol. Magazeti yalimkejeli, tovuti moja ikahimiza watu wampigie kura kwa makusudi kwa sababu ya udhaifu wake, na kila wiki akabaki hadi akamaliza wa saba. Waliomchukia walikuwa wengi mno, lakini chuki haikuwa na nambari ya simu.

Usiku ninaourudia mara nyingi kuliko wowote ni ule wa tarehe 21 Aprili 2004, katika American Idol. Walikuwa wamebaki waimbaji saba. Watatu kati yao walikuwa wanawake weusi wenye sauti nzito, za kanisani na za soul: Fantasia Barrino, LaToya London na Jennifer Hudson. Majaji walikuwa wamewasifu wiki baada ya wiki. Matokeo yalipotangazwa, waliokuwa na kura chache zaidi walikuwa wao, wote watatu, na Hudson akatolewa akiwa wa saba. Elton John, aliyekuwa amewanoa washiriki msimu huo huo, alisema hadharani kwamba upigaji kura ule ulikuwa wa kibaguzi. Wengine wakalaumu dhoruba iliyokata umeme sehemu za Chicago, mji wa kwao Hudson.

Sikatai kwamba rangi ya ngozi huingia kwenye kura. Ni jambo la kweli na si la kufunikafunika. Lakini ukiitazama kura yenyewe, kuna sababu nyingine iliyokaa wazi. Mpenzi wa sauti za namna ile alikuwa na watatu wa kuchagua. Mpenzi wa kijana anayeimba kizamani, kama wale walioimba na bendi kubwa miaka ya nyuma, alikuwa na mmoja tu. Tuseme watu 60 kati ya 100 wanataka sauti kubwa ya mwanamke: wakigawanyika sawa kwa watatu, kila mmoja anapata 20. Hao 40 waliosalia wakijikusanya kwa mtu mmoja, basi mtu huyo amewazidi wote mara mbili, ilhali ni wachache. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Na hapa panzi hawakupigana hata kidogo. Walipendwa na watu wale wale, basi.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko mwishoni mwa msimu ule. Fantasia, aliyeponea chupuchupu usiku wa Aprili, ndiye aliyetwaa ushindi mwezi wa Mei, katika fainali iliyopigiwa kura zaidi ya milioni 65. Hakuwa amejifunza kuimba ndani ya wiki tano. Kilichobadilika ni kwamba wenzake wa aina yake walishatoka, na kura zilizokuwa zimetawanyika zikapata kikombe kimoja. Hudson naye, mwaka 2007, alisimama jukwaani kupokea Oscar kwa uigizaji wake katika filamu ya Dreamgirls. Shangazi akisimulia kisa hiki hupiga paja kila akifika hapo, na mimi simzuii.

Jambo la pili linalowachanganya watazamaji ni kudhani kura moja ni mtu mmoja. Kwa sisi wa Mombasa hili halihitaji maelezo marefu, kwa sababu tumelelewa kwenye kumbi za taarabu. Mwimbaji anaimba, na mwenye kuguswa anainuka kumtunza. Anakwenda kwa madaha, noti mkononi, anatunza, anarudi kiti chake. Ubeti ukimchoma tena, anainuka tena. Ukihesabu noti mwisho wa usiku hujahesabu watu. Umehesabu watu, na moto wa kila mtu, na uzito wa pochi yake. Basi American Idol ilianza hivyo hivyo mwaka 2002: laini zilifunguliwa kwa muda mfupi baada ya onyesho, na mtu alipiga simu mara nyingi kadiri vidole vilivyomruhusu. Fainali ya 2012 ilitangazwa kuwa na kura milioni 132 kwa usiku mmoja. Hizo si roho milioni 132. Ni kundi dogo zaidi lililokaa na simu mkononi, likirudia na kurudia.

Kwa hiyo kinachopimwa ni ukali wa mapenzi kuliko upana wake. Mwimbaji mwenye mashabiki elfu moja wanaopiga mara 50 kila mmoja ana kura 50,000. Mwenye mashabiki elfu 20 waliomsifu, wakapiga mara mbili mbili kisha wakaenda kulala, ana 40,000. Yeye ndiye atakayeaga, na mitaani utasikia watu wengi zaidi wakishangaa, kwa sababu mashabiki wake kweli ni wengi zaidi. Mshangao wao ni wa haki, na hesabu nayo ni sahihi. Ndiyo maana vijana wenye sura za kupendeza hudumu kwenye mashindano haya: msichana wa miaka 14 ana subira ya kupiga simu saa mbili nzima, subira ambayo mzee wa baraza la Mji wa Kale hana, hata kama yeye ndiye anayejua sauti.

Simu zenyewe hazikuwa njia iliyonyooka. Laini zikijaa, mpigaji husikia mlio wa kukwama, na kura iliyokwama haihesabiwi. Fainali ya 2003 kati ya Ruben Studdard na Clay Aiken iliamuliwa kwa tofauti ya takriban kura 134,000 kati ya milioni 24, yaani chini ya asilimia moja. Pengo likiwa jembamba namna hiyo, laini zilizojaa peke yake zingetosha kuleta mabishano, na zilileta. Baadaye kukaja kura za mtandaoni zenye kikomo. Mwaka 2011 American Idol iliruhusu kura 50 kwa njia hiyo. Kikomo ni jambo zuri. Kinapunguza nguvu ya anayekesha.

Kisha kuna lile neno la shangazi, "nilijua yeye hana wasiwasi." Mwaka 2006 Chris Daughtry alitazamwa na wengi kama mshindi mtarajiwa. Mwezi wa Mei akatolewa akiwa wa nne, na uso wake usiku ule ni wa mtu aliyeamshwa usingizini. Albamu ya bendi yake baadaye ilifika nambari moja Marekani, kwa hiyo wapenzi hakukosa. Mtu akionekana salama, shabiki wake hupeleka kura kwa mwingine anayemhurumia, au huweka simu chini. Na aliyenusurika kwenye watatu wenye kura chache wiki iliyopita hupata kura za hofu wiki inayofuata. Kila wiki watazamaji huwa wanajibu matokeo ya wiki iliyotangulia. Ukitaka kujua nani yuko hatarini Jumapili hii, mtafute yule ambaye hakuna anayemzungumzia, si mzuri wa kusifiwa wala mbaya wa kubishaniwa.

Nyumbani kwetu Afrika Mashariki tuliyaona haya yote yakivaa bendera. Tusker Project Fame ilianza 2006, na mshindi wa kwanza alikuwa Valerie Kimani wa Kenya. Wakafuata Esther Nabaasa wa Uganda mwaka 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Davis Ntare wa Uganda 2010, Ruth Matete wa Kenya 2012 na Hope Irakoze wa Burundi 2013. Itazame orodha hiyo vizuri. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya milioni 38.6, na mashindano yalifanyika kwetu. Rwanda na Burundi ni nchi ndogo sana ukizilinganisha nasi. Kama kura ingekuwa ya wingi wa watu tu, Kenya ingeshinda kila mwaka. Lakini Kenya ilipeleka washiriki kadhaa kwa pamoja, na kila mmoja akawa na watu wake. Nchi iliyobaki na mtu mmoja ilimpa huyo mmoja kila kitu. Naamini Rwirangira na Irakoze wangefika mbali kwa sauti zao pekee, na sisemi haya kuwapunguzia. Ninalosema ni kwamba mlango wao haukuwa na msongamano.

Tusker Project Fame ilikuwa na kitu kimoja ambacho mpaka leo nakiona cha busara. Majaji ndio walioanza kuwaweka washiriki kadhaa kwenye probesheni, yaani kwenye hatari ya kutolewa, ndipo watazamaji wakapiga kura ya kuwaokoa. Aliyeimba vizuri wiki hiyo hakuingizwa kwenye kapu kabisa. Yule anayependwa kwa kiasi na wote alikuwa na mahali pa kujificha, na mahali hapo palikuwa kazi yake ya wiki. Majaji nao hukosea, na sebule ya Majengo iliwahi kumtupia jaji Ian Mbugua maneno ambayo siwezi kuyaandika. Hata hivyo makosa yao ni ya namna nyingine, na mifumo miwili inayokosea tofauti huzibiana matundu.

Wamarekani walifika huko kwa kuchelewa. Mwaka 2009 American Idol iliwapa majaji nafasi ya kumwokoa mtu mmoja tu kwa msimu mzima, kwa sharti wakubaliane wote. Wa kwanza kuokolewa alikuwa Matt Giraud, na wiki iliyofuata wakatolewa wawili kwa mpigo ili kufidia. Mwaka 2012 wakamwokoa Jessica Sanchez, akafika hadi fainali, akawa wa pili nyuma ya Phillip Phillips. Hebu fikiria: kura za wiki moja zilikuwa zimemtoa, na kura za wiki zilizofuata zikamfikisha usiku wa mwisho. Ni watazamaji wale wale. X Factor ya Uingereza ilichukua njia nyingine: wawili wenye kura chache waliimba tena na majaji wakaamua, na walipolingana, uamuzi ulirudi kwenye kura za watu. Mwaka 2009 jaji Simon Cowell aliacha majaji walingane, na Lucie Jones akaondoka mbele ya mapacha John na Edward Grimes, ambao hata waliowapenda hawakuwa wakiwasifia sauti.

Mtu asidhani kuna njia moja safi iliyofichwa mahali. Mwaka 1951 mchumi Kenneth Arrow alithibitisha kihesabu kwamba, palipo na chaguo tatu au zaidi, hakuna namna ya kuunganisha orodha za mapendeleo ya watu itakayotimiza masharti yote machache ya haki kwa pamoja. Utatimiza hili, lile litakuponyoka. Karibu karne mbili kabla yake, Mfaransa Jean-Charles de Borda alishapendekeza kila mpiga kura awapange wagombea wote na kila nafasi iwe na alama zake. Kete mbili za mama ni binamu mdogo wa wazo hilo. Mfumo huo nao una udhaifu wake, kwa maana mjanja anaweza kumshusha kwa makusudi mpinzani wa kipenzi chake. Lakini mimi ningeuchagua kwa mashindano ya sauti bila kusita. Na ningetaka idadi ya kura itangazwe, kama X Factor ilivyotoa takwimu zake misimu ilipokwisha. Anayetolewa anastahili kujua kama alikosa kura mia au milioni, na kama aliwahi kuongoza.

Mama zetu wa Mombasa walikuwa na mashindano makali kuliko haya, ya vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyopimana kwa mavazi na nyimbo. Hakuna chama kilichoondolewa kwa sababu ya usiku mmoja mbaya. Kilirudi kujipanga.

Idi kubwa tulikusanyika tena uani Kisauni, leso ikatundikwa, watoto ni wale wale wanne. Safari hii mama aligawa kete mbili mbili. Shangazi akauliza kama anaweza kuzitia zote kwa yule mdogo, ambaye sasa meno yameanza kuota. Akaambiwa la, moja moja. Akaingia nyuma ya leso. Kete ya kwanza tuliisikia ikilia kikombeni papo hapo. Ya pili ilichukua muda, hadi mama akamwita jina lake na kumuuliza kama yu salama huko, ndipo ikalia.